Kutulia Si Kupona

Ipo rai moja iliyoenea katika nchi yetu ya Nyika, kuanzia Mariakani na Samburu hata Taru na Mackinnon Road, ikateremka Kinango na Kwale mpaka ikafika pwani, Diani na Msambweni, na wenye kuishika ni watu wa kila namna: mzee wa Kiduruma mwenye mbuzi wake, dereva wa lori, mwalimu wa chuoni, mchuuzi wa Ukunda, na hata, kama tutakavyoona mbele, mheshimiwa anayepitisha bajeti. Rai hiyo yasema kwamba dawa ya wazimu inayotolewa hospitali ni dawa ya siku ya fujo. Kwamba kazi yake ni kumtiisha mtu anayerusha mawe na kuvua nguo njiani. Na kwamba mtu huyo akishalala, akaamka, akaoga, akasalimia watu na kuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa, dawa imekwisha kazi, na kuendelea nayo ni kumharibu mwana wa watu. Mimi naiona rai hii kuwa batili. Lau ingalikuwa upuuzi wa barazani usiomdhuru mtu ningaliiacha ipite. Lakini wapo vijana wanaolala wamefungwa kwenye shina la mwarobaini kwa sababu yake, na wapo mama waliouza kila kilichouzika kwa sababu yake, na hakuna anayeishitaki.

Rai yenyewe, kwa insafu

Haifai kuiangusha hoja ya mtu kabla ya kuisimamisha wima. Wenye rai hii wana mambo manne ya kuegemea, wala hakuna hata moja lililotungwa kwa ujinga.

La kwanza wameliona kwa macho yao. Kijana aliyekuwa hashikiki alipigwa sindano, akalala usiku na mchana, akaamka amenyamaza. Kilichotakiwa kikawa kimepatikana. La pili nalo wameliona. Kijana yule yule, aliporudi nyumbani na bahasha yake ya vidonge, alikakamaa viungo, vidole vikatetemeka, udenda ukamtoka, akawa anatembea bila kupunga mikono, na uso wake haucheki wala haununi, kama zuzu. La tatu wamelisikia kwa watu waaminifu: fulani aliacha dawa, na mwaka wa ngapi huu hajarudiwa. Ni kweli, watu hao wapo, kwani miongoni mwa waliopatwa na maradhi haya mara moja tu, liko fungu ambalo hukaa muda mrefu bila ya dawa wasione dhara. La nne ni itikadi: kwamba chanzo cha maradhi haya ni jini, au chuki ya jirani, au koma waliosahauliwa, na kwamba daktari ni mtu wa kutuliza tu, ilhali mwenye kuponya yuko kwingine.

Hizo ndizo nguzo nne za nyumba hii. Sasa na tuzitikise, moja baada ya moja.

Kwanza: dawa hii si ya usingizi

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, matabibu wawili, Jean Delay na Pierre Deniker, waliwapa wagonjwa wao dawa mpya iliyoitwa klopromazini. Kilichowashangaza hakikuwa usingizi. Dawa za usingizi zilikuwapo tangu zamani, na waliozinywa waliamka asubuhi na wazimu wao umewangoja kitandani. Jambo jipya lilikuwa kwamba mgonjwa yu macho, anazungumza, anakula, na huku zile sauti zisizo na wenyewe zinafifia, na ile shuku ya kwamba dunia nzima inamnong'ona inalegea. Dawa hii na nduguze waliokuja nyuma yake, kama haloperidoli ya mwaka 1958, hufanya kazi hiyo kwa kuizuia kwa kiasi dopamini, ambayo ni mojawapo ya kemikali zinazochukua habari baina ya chembe za ubongo. Zuio hilo hudumu maadamu dawa imo mwilini. Dawa ikitoka, zuio limetoka. Maradhi yalikuwa yamezuiwa mlangoni, hayakuwa yamefukuzwa mjini.

Tena kazi hiyo ina mwendo wake. Ghasia hushuka kwa saa na kwa siku. Sauti na shuku hupungua kwa majuma. Na akili ya kupanga mambo, kuamka mapema, kuweka ahadi, kushika fedha na kuzihesabu, hurejea kwa miezi. Kwa hiyo siku ile ambayo jamaa wanasema, "Alhamdulillahi, ametulia, dawa basi," ndiyo siku ambayo tiba imevua viatu na kuingia ndani.

Lakini hila kubwa ya maradhi haya, na ndiyo mama wa rai ninayoipinga, ni kwamba mwenye kuacha dawa harudiwi siku ile ile. Hukaa juma, hukaa mwezi, pengine miezi mitano, naye ni mzima, tena amechangamka kuliko alipokuwa akinywa vidonge, kwa sababu ule mkakamao umemtoka. Jamaa hutazamana wakasema: "Mwaona? Dawa ndiyo iliyokuwa ikimwumiza." Kisha mwezi wa sita mambo huharibika, na kwa kuwa kuacha kumekwisha sahaulika, lawama humwangukia mke wa jirani. Ukikaa kwenye benchi la hospitali yoyote ya kwetu utayasikia mazungumzo haya, ambayo yamekuwa kama sala ya kila juma:

"Mjomba, huyu ameacha dawa lini?"

"Daktari, dawa za nini tena? Alikuwa amepona kabisa."

"Amepona tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Mwezi wa nane ndio wakamtupia tena."

Mwaka 2012 jarida la matabibu liitwalo Lancet lilichapisha hesabu iliyokusanya majaribio 65, yenye wagonjwa zaidi ya 6,000 wa skizofrenia, maradhi haya haya ya sauti na shuku, waliokuwa wamekwisha tulia. Baadhi yao waliendelea na dawa. Wengine walibadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na kitu. Kabla ya mwaka kumalizika, katika kila 100 waliobaki na dawa walirudiwa 27, na katika kila 100 walioondolewa walirudiwa 64. Mpinzani wangu ataziona hesabu hizi na kuniambia kwamba, kwa kinywa changu mwenyewe, 36 katika 100 waliacha na hawakurudiwa. Naam, ndio wale wa nguzo ya tatu. Namwuliza swali moja tu: ni nani aliyemjulisha kwamba mwanawe yumo katika wale 36 na hayumo katika wale 64? Hakuna tabibu aliyepata kipimo cha kuwabagua kabla, wala mganga. Mtu aliyeshinda kamari husimulia sokoni; walioshindwa wamefungwa nyuma ya nyumba, na waliofungwa nyuma ya nyumba hawasikiki sokoni.

Na mgongano wa mambo ni huu: mzee huyu huyu anayemwambia mpwawe aache vidonge kwa kuwa ametulia, yeye mwenyewe ana vidonge vya presha mfukoni mwa koti, na amevimeza leo asubuhi ilhali presha yake imekuwa nzuri miezi saba. Mwambie aviache kwa kuwa amepona. Atakuona wewe ndiye mwendawazimu.

Pili: zuzu huyu ni mtoto wa nani?

Sitaki kusema kwamba dawa hizi hazidhuru. Zinadhuru, na daktari anayemficha mgonjwa jambo hili anastahili kutosadikiwa katika mengine yote. Haloperidoli hukakamaza viungo na kutetemesha mikono. Klopromazini huleta usingizi na huifanya ngozi isistahimili jua, na kijana anayechunga mbuzi mbuga ya Taru tangu alfajiri hata magharibi huungua shingo na mikono asijue sababu. Olanzapini humnenepesha mtu na huweza kumletea maradhi ya sukari. Na baadhi ya watu waliozitumia dawa za namna hii kwa miaka mingi hupatwa na mchezo wa midomo na ulimi usioamrishwa, ambao pengine hauondoki tena.

Yapo mawili ambayo nataka kuyatazama kwa karibu, kwa maana ndiyo yanayofukuza watu hospitali. Siku ya kwanza au ya pili baada ya sindano, macho ya kijana hupanda juu yakakataa kushuka, shingo ikapinda upande, taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Nyumba nzima hupiga ukelele kwamba jini amekasirishwa na dawa na sasa amepanda waziwazi. Ni msuli ulioshikwa na mkazo kwa sababu ya dawa, na sindano moja ya dawa ya kuulegeza, ambayo ilipasa jamaa waambiwe habari zake mapema, huuondoa kwa muda usiofika saa. La pili ni kutotulia kwa miguu: mtu hawezi kukaa, hawezi kusimama, anatembea ua mzima usiku kucha, na moyo wake unamwaka. Jamaa wakidhani kwamba wazimu umezidi, ama humwongezea kidonge, wakamtesa zaidi, ama humtupia vyote chooni. Kumbe kupunguza dozi, au kubadili dawa, kungalitosha.

Lakini sasa tutazame mgongano. Ni dozi ipi inayomfanya mtu zuzu? Aghalabu ni ile kubwa ya dharura, apigwayo mtu aliyeletwa amefungwa kamba, anayeng'ata na kupiga mateke, akachomwa haloperidoli na dawa ya usingizi juu yake ili wauguzi wawili waweze kuwahudumia wagonjwa wengine arubaini. Na ni nani apigwaye dozi hiyo mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka? Ni yule anayefuata rai ya "akitulia aache." Mwenye kuendelea na dawa aghalabu huishia kwenye dozi ndogo ya kumshikilia, ambayo pengine jirani hajui kama ameinywa, ilhali mwenye kuacha hupelekwa tena kwenye dozi kubwa, kisha huachishwa, kisha hurejeshwa. Hivyo yule zuzu anayeonyeshwa barazani kuwa ni ushahidi dhidi ya dawa ni zao la rai yenyewe: rai imemzaa, rai imemlea, kisha rai inamtoa mahakamani awe shahidi wake.

Nitaambiwa kwamba hata Ulaya kuna matabibu wanaotaka dawa zipunguzwe. Kweli wapo, na ubishi wao ni wa heshima. Uholanzi, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, watu waliokuwa wamepatwa na maradhi mara ya kwanza, wakapunguziwa dawa pole pole na matabibu wao, walionekana baada ya miaka 7 kuwa na maisha bora ya kazi na nyumba kuliko wenzao walioendelea na dawa. Uingereza, katika jaribio la miaka 2 lililochapishwa mwaka 2023 juu ya watu waliokuwa na maradhi ya muda mrefu, waliopunguziwa walirudiwa vibaya 25 katika 100, na walioendelea 13, wala maisha ya hao waliopunguziwa hayakuonekana kuwa bora. Elimu, basi, ingali inabishana. Lakini katika nchi zote mbili mtu alipunguziwa hatua kwa hatua, kwa miezi, na tabibu akimwangalia. Na aje mbele mtu mmoja miongoni mwa wenye rai yetu aliyempunguzia mwanawe robo ya kidonge kwa miezi mitatu, kisha akarejea kwa daktari kuuliza. Huku kwetu kupunguza dawa maana yake ni kuvirusha vidonge chooni siku ya Ijumaa.

Tatu: "maradhi haya si ya hospitali"

Anayepita njia kuu ya Mombasa na Nairobi, akifika Mackinnon Road, huona kando ya reli msikiti na ziara ya Sayyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa msimamizi miongoni mwa wajenzi wa reli ya Uganda, na kwamba karai la mzigo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa malori husimama hapo, wakatia sadaka na kuomba dua, Waislamu na wasio Waislamu, kisha wakashika njia. Sijamwona hata mmoja ambaye, baada ya kuomba dua, alitangaza kwamba sasa hahitaji breki. Wala sijamsikia aliyesema kwamba breki zilifanya kazi safari iliyopita, kwa hiyo safari hii azifungue aziache ziarani. Dua na breki hukaa pamoja katika gari moja bila kugombana. Ni katika maradhi ya akili peke yake ndipo tunapoambiwa tuchague.

Na tunaambiwa hivyo kwa jina la dini, ilhali dini iliyomwamrisha mja kujitibu haikuyatoa maradhi ya akili katika amri hiyo. Na Sultani Qalawun alipoijenga hospitali yake kuu mjini Kairo katika miaka ya 1284 na 1285, majununi walitengewa mahali pao humo humo pamoja na wagonjwa wa homa na wa macho.

Ama wale wanaosema kwamba hii ni dawa ya Kizungu kwa maradhi yasiyo ya Kizungu, wao nawaomba wasogee karibu na chupa. Sindano ya mwezi, ile ya flufenazini, hailetwi katika maji. Muuguzi akiivunja shingo ile chupa ndogo ya kioo huona kimiminika cha rangi ya dhahabu kinachopanda pole pole ndani ya bomba, na humlazimu kutumia sindano nene, kwa kuwa dawa yenyewe imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Huchomwa ndani kabisa ya msuli wa tako, na mafuta yale hukaa humo yakijichuja kidogo kidogo kwa muda wa majuma, ndiyo maana mtu haombwi kumeza kidonge kila siku. Ufuta! Tumeukamua tangu enzi za mababu, na leo twauogopa kwa kuwa umevaa kioo. Na kabla ya klopromazini kuenea, dawa iliyokuwa ikishindana nayo, reserpini, ilitolewa mwaka 1952 katika mzizi ambao waganga wa Bara Hindi walikuwa wakiwatibia wenda wazimu kwa karne nyingi. Na mti wa jamaa moja na huo, ambao wajuzi wa mimea wameuita kwa jina la Mombasa, Rauvolfia mombasiana, unamea katika misitu ya pwani yetu. Mstari kati ya dawa yao na dawa yetu umechorwa na watu wasiojua kilichomo ndani ya chupa wala kilichomo msituni.

Tena wako katika suhuba mbaya. Mtu aliyeshika sana rai kwamba akili ya Mwafrika ni ya namna yake na haiumwi kama za wengine aliitwa J. C. Carothers, tabibu wa kikoloni aliyeiongoza hospitali ya wenda wazimu ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hata 1950. Mwaka 1953 aliandika kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, akamfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka uliofuata akaiandikia serikali maelezo ya nafsi za Mau Mau, wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa wamefungwa katika kambi za Manyani na hapa hapa Mackinnon Road. Anayesema leo kwamba wazimu wa Mduruma si wazimu wa hospitali adhani amesema neno la babu zake, na kumbe amelirudia la askari wa kambi.

Nami siwafukuzi waganga. Nchini Nigeria, tangu mwaka 1954, Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika nyumba za wanakijiji wa Aro, karibu na Abeokuta, akashirikiana na waganga wa mahali pale. Na mwaka 2020 zilichapishwa habari za jaribio lililofanywa Ghana na Nigeria, ambamo wauguzi walikwenda kwenye vilinge na makanisa ya maombi, wakatoa dawa pale pale mganga alipo. Wagonjwa wa huko walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 6 kuliko wale walioachwa kwa mganga na utaratibu wa kawaida. Mganga hakupoteza kilinge chake, na mgonjwa hakupoteza akili yake. Waliopoteza ni wenye rai waliosema kwamba viwili hivi havikai chungu kimoja.

Nne: hesabu isiyoandikwa

Hoja ya mwisho, iliyo nje ya zile nguzo nne na ambayo hutolewa mtu akikwisha shindwa katika nyingine zote, ni ya fedha: dawa zina gharama, na hospitali i mbali. Vema, na tuhesabu. Lakini tuhesabu pande zote mbili za daftari.

Vidonge vya haloperidoli ni miongoni mwa dawa rahisi katika duka lolote la dawa. Sasa andika upande wa pili. Mtu akirudiwa, matatu haimchukui aliyefungwa kamba. Hukodiwa Probox nzima, kwa bei ya mwenye gari anayejua kwamba huna hiari. Hufuatana naye wanaume watatu wenye nguvu, ambao siku hiyo hawakuchimba, hawakuvua, hawakupakia mchanga. Ikiwa ni mwaka wa ukame, na Kinango miaka ya ukame haiombwi, mbuzi wanaouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya ngozi zao. Mganga, kama ndiye aliyetangulia, alikwisha chukua kuku, kisha kaniki na ubani, kisha mbuzi. Kuna mnyororo na kufuli kutoka duka la vifaa vya ujenzi, navyo havitolewi bure, na kuna kidonda cha kifundo cha mguu kinachotaka dawa yake peke yake. Kuna binti wa miaka kumi na mitatu aliyeachishwa shule amchunge kaka yake mama anapokwenda kuteka maji. Kuna mke aliyerejeshwa kwao. Kuna kazi ya hoteli Diani, au ya kuendesha bodaboda, iliyopotea mara ya kwanza ikapatikana, ikapotea mara ya pili isipatikane tena, maana mwajiri husamehe mara moja. Na kuna lile ambalo halina bei: watu wengine, kila warudiwapo, huchukua muda mrefu zaidi kurejea, na hurejea pungufu ya walivyokuwa.

Gharama hizi zote hulipwa; mshangao wangu ni kwamba hakuna anayeziita gharama za kuacha dawa. Huitwa kadari, huitwa mtihani, huitwa shari ya watu. Kidonge peke yake ndicho kinachoitwa ghali.

Tano: rai hii ikivaa suti

Nilisema kwamba hata mheshimiwa anaishika. Yeye hasemi "akitulia aache". Yeye huipanga bajeti hivyo. Mathari, ambayo imekuwa kwa zaidi ya karne moja ndiyo alama ya tiba hii nchini, ilianzishwa mwaka 1910 mahali palipokuwa kambi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na fikira ile ya kutenga haijatutoka: mwenye fujo aondolewe machoni, atulizwe mbali, arudishwe. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliishauri serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ya 1989 ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikatwikwa wajibu wa kutoa huduma hii. Maneno mazuri, yaliyopigwa chapa vizuri. Lakini muulize mama wa Mackinnon Road mwanawe aliyetulia atapata wapi dawa ya mwezi ujao. Ataelekezwa Port Reitz, ama Msambweni, ambako ni kupita Mombasa na kuvuka Likoni au kuzunguka Dongo Kundu, ama kukata njia ya Samburu, Kinango na Kwale. Safari inayokula siku nzima, kwa ajili ya sindano inayochukua dakika. Kwa mwenye fujo pengine huja polisi na gari. Kwa aliyetulia haji mtu. Ni rai ile ile ya mzee wa barazani, ila imetiwa muhuri.

Na udhuru wao haupo. Zahanati ndogo yoyote ya barabarani inatoa sindano ya uzazi wa majira kila baada ya miezi mitatu: mama ana kadi, na kadi ina tarehe. Muuguzi yule yule, kwa kadi ya namna ile ile, angeweza kuchoma ile sindano ya mafuta ya ufuta, ambayo wala haidai jokofu kama inavyodai chanjo. Kaunti mbili, Kwale na Taita Taveta, zimegombania mpaka wa Mackinnon Road kwa miaka, na ushuru wake. Sijasikia hata siku moja zikigombania wagonjwa wake.

Hukumu

Dai langu ni dogo kuliko makosa yaliyonitoa nyumbani kuja kulisema. Dawa hii iwekwe katika rafu moja na ya presha na ya sukari, karibu na mtu anapoishi, na rafu isikae tupu. Mgonjwa na jamaa zake waambiwe madhara yake kabla hayajatokea, na wapewe dozi ndogo inayotosha, na apimwe uzito na sukari anayestahili kupimwa. Anayetaka kupunguza apunguziwe na tabibu, kwa hatua, na jamaa wakijua dalili za kurudiwa: kukosa usingizi, kujitenga, kuzungumza peke yake, kushuku chakula. Anayetaka dua aombewe, na anayetaka kombe anywe kombe lake, mradi asiambiwe kwamba kombe na sindano ni maadui.

Ama mwenye rai, akitaka kubaki nayo, na abaki nayo yote. Ageuke sasa hivi avitupe na vidonge vyake mwenyewe vya presha kwa kuwa ametulia. Na siku atakapomwambia mama wa watu, "Mwanao amepona, dawa basi," na atie sahihi chini ya maneno yake kwamba mwezi wa sita mambo yakiharibika, Probox ni yake, mbuzi ni wake, mnyororo ni wake, na ni binti yake yeye atakayeacha shule.